Mashine ya Kurusha Ndege

Papa Constantin ni mpiga picha wa Nyalukemba, hapa Bukavu. Mke wake, Maman Colombe, anauza vitambaa sokoni. Binti yao Sophie anasoma sekondari. Kila jioni wanakula pamoja.

Jioni moja ya mwaka 1992, sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilipoa kwenye sahani. Hakuna aliyekula. Wote walikuwa wanasema kwa wakati mmoja.

Tonton Apollinaire, mdogo wake Papa Constantin, alikuwa anajiandaa kwenda Bujumbura kununua bidhaa. Huko kulikuwa na duka linalounganisha kompyuta jinsi mteja anavyotaka. Familia ilikuwa imeweka akiba kwa muda mrefu. Sasa ilitosha kununua mashine moja ya michezo. Moja tu.

"Mi nataka écran kubwa!" akasema Papa Constantin, akichora kioo cha kompyuta hewani. "Kubwa kama dirisha!"

"Mi nataka ile mchezo ya ndege, Papa!" akasema Sophie.

Kila walipokwenda shambani Mudaka, Sophie alikuwa anaacha jembe na kutazama ndege zikishuka kuelekea uwanja wa Kavumu. Alitaka kurusha moja kwa mikono yake, hata kama ni ya mchezo.

Maman Colombe peke yake hakucheka.

"Na kama ikiungua?" akauliza. "Munasahau ordinateur, ile kompyuta ya jirani yetu Maman Agnès? Courant ya umeme ilirudi na nguvu, moshi ikatoka, njo ikakuwa mwisho."

"Apollinaire atachagua muzuri," akasema Papa Constantin. "Yeye anajua Bujumbura."

"Yaya, mi najua bitambaa," Tonton Apollinaire akamjibu kaka yake. "Ordinateur, mi sijue hata kidogo."

Sophie akasimama. "Basi tuulize Maman Eulalie!"

Maman Eulalie ni jirani yao. Alisomea kompyuta Kinshasa, na kazi yake ni kuzitengeneza. Alipofika, Papa Constantin alimweleza habari ya écran kubwa. Maman Eulalie alisikiliza mpaka mwisho.

"Munataka kucheza nini?" akauliza.

"Juu ya nini unaanza na mchezo?" akashangaa Papa Constantin. "Tunanunua mashine."

"Juu mchezo njo inaonyesha mashine gani inafaa. Mutu mwenye kubeba mizigo ya kwenda Nyangezi, hanunue gari ya arusi. Mukuje kwangu, mutaona."

Nyumbani kwake kulikuwa na kompyuta ya zamani. Akaingiza disketi yenye mchezo wa ndege. Papa Constantin akashika manette, kile kijiti cha kuongozea. Ndege ikapaa! Lakini picha zilikuwa zinakwama. Papa Constantin alivuta kijiti kushoto. Ndege haikusikia. Alivuta tena. Ghafla mlima ukajaza écran yote.

"Papa, umetuua!" akapiga kelele Sophie.

Wakacheka mpaka machozi.

"Kosa haiko yake," akasema Maman Eulalie. "Mashine hii iko na mémoire kidogo. Mémoire ni kama meza ya kazi. Meza ikiwa ndogo, bintu inajaa, kazi inakwama. Ndege inataka meza kubwa. Écran kubwa haitasaidia kitu."

Kisha akarudi nao nyumbani kwao. Aliwasha taa ya sebuleni, halafu akamwambia Maman Colombe awashe réchaud, lile jiko la umeme. Taa ikafifia. Réchaud ilipozimwa, taa ikawaka sana.

"Munaona? Courant inashuka, inapanda. Njo ile iliua mashine ya Agnès. Munapashwa kuwa na régulateur. Inakaa kati ya prise ya ukuta na mashine, inatuliza courant. Na radi ikianza kupiga, muchomoe yote."

"Akiba yetu itatosha kwa bintu yote?" akauliza Maman Colombe.

"Hapana. Kama munataka mémoire na régulateur, écran itakuwa ya kadiri."

Papa Constantin alitazama ukuta ambapo alikuwa amekwisha kuona dirisha lake kubwa. Kisha akamgeukia ndugu yake.

"Apollinaire, achana na écran kubwa. Leta mashine yenye kubakia nzima."

Tonton Apollinaire aliondoka akirudia maneno yale kama sala: mémoire ya kutosha, régulateur, manette, écran ya kadiri.

Wakati yuko safarini, wengine walitayarisha mahali. Maman Eulalie aliwakataza kuweka meza karibu na dirisha, kwa sababu ya mvua. Waliacha nafasi nyuma ya meza ili joto la mashine litoke. Waliweka kiti mbali kidogo, macho yasichoke.

Hatimaye gari likapiga honi barabarani. Sophie alikimbia bila viatu. Makartoni yakaingia moja moja. Maman Eulalie alimwonyesha Sophie kila waya, na Sophie akaunganisha mwenyewe. Akabonyeza. Mashine ikaunguruma. Écran ikawaka!

Maman Eulalie akaingiza disketi yake ya mchezo. Ndege ya Sophie ilikuwa imekwisha kupaa wakati courant iliposhuka, halafu ikarudi na nguvu. Taa ya sebuleni ikapasuka: pa! Maman Colombe akafunika uso.

Régulateur ikalia: tak, tak. Kisha kimya.

"Maman, fungua macho," akasema Sophie.

Sebule ilikuwa giza, lakini écran ilikuwa inawaka. Ndege ilikuwa bado angani, inapita laini juu ya ziwa, bila kukwama. Sophie akaishusha polepole. Magurudumu yakagusa uwanja, yakaruka kidogo, yakatulia.

"Imeshuka!" akapiga kelele Papa Constantin. "Imeshuka muzima!"

Maman Colombe akasogeza kiti chake mbele.

"Sophie, toka hapo," akasema. "Leta ile manette. Kupaa, wanavuta wapi?"

Hakuna aliyekwenda kutafuta taa nyingine.