Kona ya Mtaa wa Mapapai

Asubuhi hiyo Mchoramto aliusogeza mto Kilombero kwa upana wa uwanja wa mpira, na chai ya Severina ilikuwa bado haijapoa.

Kazi yenyewe ilifanywa na kambare. Hawa si kambare wa kula, ingawa kuna jamaa aliwahi kumvua mmoja, akamchemsha mpaka gesi ikamwishia. Ni roboti za urefu wa mkono, zenye mdomo wa kufyonza mchanga na mkia wa kuutema. Mmoja peke yake hana faida yoyote. Lakini wakiwa maelfu chini ya maji, hawa wanachimba huku, wale wanajaza kule, na mto unafuata taratibu kama mlevi anayeshikwa mkono kurudishwa kwake.

Mchoramto ndiye aliyewaongoza. Alikuwa akili-mashine, na alikaa ghorofa ya chini ya Ofisi ya Mikondo, katikati ya jiji la Ifakara. Walimfundisha adabu zote za binadamu, ila wakasahau kumwambia zinaishia wapi, kwa hiyo aliamkia kila kitu kilichozidi miaka hamsini.

"Shikamoo daraja," alisema kupitia spika ya ukutani. "Nguzo zako sasa ziko salama."

"Limeitikia?" aliuliza Kassian, fundi wa kambare, mdomo umejaa andazi.

"Bado," alijibu Mchoramto. "Nasubiri."

Severina Ligalwike, mhandisi wa zamu, hakucheka. Alikuwa anaangalia mawingu ya Udzungwa kwenye kioo kikubwa. Mvua ilikuwa imepiga kule juu jana siku nzima, na kesho mchana maji yake yangeingia mjini yakiwa yamebeba mchanga wa kutosha kujenga jiji jingine.

Ofisini kwao mito ilikuwa na majina matatu. Wa kwanza ni mto wa rula, ulionyooka. Mto wenyewe haupendi kunyooka. Ukiuona umenyooka mwendo mrefu, ujue kuna mwamba umeubana au kuna binadamu mwenye tingatinga. Wa pili ni mto wa nyoka. Huu unapinda. Maji yakifika kwenye kona, ya upande wa nje yanakimbia na kuumega ukingo, ya upande wa ndani yanachoka na kuangusha mchanga, basi kona inazidi kuwa kona. Ila nyoka anataka ukingo wenye kitu cha kuushikilia, udongo wa mfinyanzi au mizizi, ili umegwe kidogokidogo kwa miaka. Ukingo ukiwa mlaini na mchanga ukiwa mwingi, unapata mto wa misuko. Mto unaangusha mzigo katikati ya njia yake, unajizibia wenyewe, unagawanyika, unakutana, unagawanyika tena, kama kichwa kilichosukwa na msusi mwenye haraka.

Zamani Kilombero ilikuwa inajisuka inavyotaka katika bonde lote. Halafu jiji likakua, likajengwa humohumo kwenye misuko, na Mchoramto akaletwa kuibana mito yote midogo iwe mmoja. Wakubwa walitaka rula. Wakapewa rula. Mto ulipofupishiwa njia ukapata mteremko mkali, ukakimbia, ukaanza kuchimba chini ya daraja. Ndiyo maana sasa ulihitajika mto wa nyoka, angalau kona moja kubwa kabla ya mji, ya kuyapunguzia maji mbio.

"Nimepata ukingo wa kona," alisema Mchoramto. "Ni imara kuliko wote jijini. Mtaa wa Mapapai."

Severina akaweka kikombe chini. "Rudia."

"Mtaa wa Mapapai. Mizizi ni mingi, myembamba, imefumana vizuri sana. Sijawahi kuona mizizi nadhifu namna hii. Kesho maji yote yatagonga pale, na ukingo utasimama."

Mapapai ndiko alikozaliwa Severina, na mama yake bado anaishi palepale. Ukingo ule ulikuwa mchanga mtupu. Utotoni walikuwa wanauteleza kwa makalio. Pale hakukuwa na mizizi ya kufunga hata kuni.

"Kassian, shika zamu," alisema. "Naenda nyumbani."

Mama yake, Bibiana, alikuwa uani anapepeta mchele, na pembeni yake ameketi Tadei, mwenyekiti wa mtaa, miguu yake yote imejaa matope. Walionekana wamefurahi kupita kiasi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba, injinia wetu," alisema Tadei. "Umekuja kutupongeza?"

"Mama, mmefanya nini pale mtoni?"

Bibiana akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Tumeupiga chenga mto, mwanangu! Si ulituambia mwenyewe? Hapohapo ulipokaa, unakula mlenda. Ukasema kambare wanagonga ukingo, wanasikiliza nyuzi. Wakisikia nyuzi nyingi wanajua ni mizizi."

"Nikasema hivyo, ndiyo."

"Sasa nyuzi sisi tunazo. Mtaa mzima umefukia vyandarua."

"Vyandarua?"

"Vyandarua, kamba za vitanda, mikeka mibovu," alidakia Tadei. "Mimi nimetoa hadi wavu wa goli."

"Mwenyekiti wavu wa goli alikuwa anaulilia," alisema Bibiana. "Akaimba na pambio."

Severina akakaa kwenye kinu kilicholazwa chini. "Kwa nini, mama?"

"Wewe hukuona Mtaa wa Kanga ulivyoliwa mwaka juzi? Ukingo hauna hata jani. Nyumba ya mama Prisca imeondoka na masufuria jikoni. Kwa hiyo sisi tukasema, mto unakula palipo laini, basi tujifanye wagumu uende kwingine."

Hapo ndipo Severina alipojua amewasimulia nusu. Mto ukiachwa peke yake, au ukiwaponyoka kambare kama kule Kanga, unakula palipo laini, hilo kweli. Lakini Mchoramto hauachi peke yake. Yeye anatafuta ukingo mgumu kuliko wote, kisha anaupeleka mto ukaugonge huo, kwa sababu ukingo laini hauwezi kushikilia kona.

Aliwaeleza. Alieleza polepole, akichora kona ardhini kwa kijiti. Tadei aliacha kutabasamu kabla ya mchoro kwisha.

"Kwa hiyo tumeuita," alisema.

"Kesho mchana. Vyandarua havitafika hata jioni."

Bibiana aliangalia nyumba yake. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, aliyoijenga na marehemu mumewe kwa matofali waliyofyatua wenyewe. "Si umwambie tu Mchoramto asiulete huku?"

"Hasikii kukatazwa, mama. Anasikia vipimo."

"Basi mpe vipimo vingine. Kazi umesomea ya nini?"

Severina alirudi ofisini anakimbia. Kulikuwa na kipimo kimoja ambacho hawakuwahi kukitumia, kwa sababu kinachukua muda. Mzizi ulio hai unakunywa. Jua likiwaka, mti unavuta maji kutoka chini, na udongo unaouzunguka mzizi unakauka kidogo halafu unalowa tena. Chandarua hakinywi.

"Kassian, waambie kambare wa Mapapai wapime unywaji."

Kassian akabonyeza. Baada ya saa moja mstari wa Mapapai kwenye kioo ukageuka kutoka kijani kuwa mwekundu.

"Nimedanganywa," alisema Mchoramto. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu anayesahihisha hesabu. "Mapapai haina ukingo. Nachukua wa pili kwa uimara. Mtaa wa Misufini."

Andazi likamshinda Kassian. "Kwetu?"

Waliangaliana. Severina angeweza kunyamaza hapo. Nyumba ya mama yake ilikuwa imeshapona. Ilibaki tu kubonyeza neno "Kubali".

"Kassian, na nyie mmefukia?"

"Dada Sevi..."

"Jibu."

"Mke wangu alitoa viwili tu. Vile vya watoto." Akajifuta jasho. "Ila majirani wametoa vingi. Kuna mzee katoa hema la harusi."

Severina akacheka bila kutaka, kisha akafunika uso kwa viganja. "Nani aliwaambia?"

"Mimi. Wewe ulimwambia nani?"

"Mama."

Severina akakigeukia kile kioo. Kisha akasema, "Pima jiji lote."

"Dada, tukipima lote na wa tatu utakuwa hauna, na wa nne..."

"Pima. Siwezi kumtoa mama yangu mdomoni mwa mto nikamweka mkeo."

Jua lilikuwa bado linawaka, vipimo vikawa vinakuja kimoja kimoja. Misufini, nyekundu. Kanga, nyekundu. Mtaa wa sokoni, nyekundu. Hata kwa Mkurugenzi wa Ofisi ya Mikondo, ambako kambare walikuta vyandarua vizuri vya mraba, vingine na lebo zake. Kijani kilibaki sehemu moja, kwenye mikuyu mitatu nyuma ya shule, na hiyo haikutosha kugeuza hata mfereji.

Zamani kingo zote zilikuwa na mikuyu na matete. Watu walivikata baada ya Mchoramto kufika. Kwa nini uache mti ukalie kiwanja kizuri cha kando ya maji, na roboti wapo wanaushika mto usiku na mchana?

"Hakuna ukingo," alisema Mchoramto. "Nina njia mbili. Nichague mtaa mmoja uliwe wote, ili mto ubaki mmoja. Au niwaondoe kambare njiani, mto ujisuke. Utapita kila mahali, ila hakuna mahali utakapopita na nguvu zake zote. Mhandisi, nasubiri."

"Tumpigie Mkurugenzi?" aliuliza Kassian.

"Atasema mtaa mmoja. Na hautakuwa wa kwake."

Severina akabonyeza njia ya pili. Halafu akachukua kipaza sauti cha jiji, akasema kwa lugha ya kawaida kabisa: kesho mchana maji yataingia mitaa yote, ya kina cha goti, pengine ya kiuno. Wazee na watoto wapelekwe shuleni, ghorofani. Vitu vyenu wekeni juu ya meza. Asiye na meza aombe kwa jirani.

Kesho yake mto ukaja, saa saba mchana. Ulipofika penye mji ulimwaga mchanga katikati, ukajizibia, ukapasuka mara mbili, kisha mara nne, ukaingia barabarani na viwanjani kwa vijito vyembamba vya rangi ya chai ya maziwa. Daraja kubwa lilibaki limesimama juu ya mchanga, halivushi mtu. Maghala ya mpunga ya sokoni yalilowa yote. Mitaa iliyokuwa inaazimana chumvi dirishani ikawa visiwa vinavyopigiana kelele. Lakini hakuna mtaa uliochukuliwa, na shuleni walipohesabu watu, walitimia.

Severina alivuka vijito vitano kufika Mapapai, viatu mkononi. Jiko la mama yake lilikuwa limekwenda. Kijito kimoja kilikuwa kimeingia kwa mlango wa mbele, kikapita sebuleni, kikatoboa ukuta wa chumba cha kulala na kutokea uani, kama mgeni anayeijua nyumba. Bibiana, aliyekuwa wa kwanza kurudi kutoka shuleni, alikuwa amesimama katikati ya chumba, maji yanamfika chini ya magoti. Ukuta uliotoboka ulikuwa ule wenye alama za vidole vya baba kwenye matofali.

"Nani karuhusu huu upuuzi?" aliuliza bila kugeuka. "Nasikia ni mtu wa huko ofisini kwenu."

"Ni mimi, mama."

Bibiana akageuka. Alimwangalia mwanawe kwa muda mrefu, tangu miguu yenye matope hadi usoni. Maji yaliendelea kupita katikati yao, yakiacha mchanga kwenye kona za chumba.

"Na kwa Kassian?"

"Kama hapa."

"Na huyo mkubwa wenu?"

"Sebuleni kwake kuna samaki."

Bibiana alitikisa kichwa, akainama, akaingiza mikono majini.

"Haya, usinisimamie hapo," alisema. "Shika upande huo wa godoro."