Beri za Mwaka wa Kwanza

Mtaani walimwita Mkasi, na si kwa kuwa alikuwa fundi cherehani tu. Mdomo wake ulikata kuwili. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwahi kumshonea bwana mmoja mnene suruali nzuri hata bwana yule akajiona amekonda, akaanza kula mara dufu. Ukimuuliza bwana huyo yuko wapi, atakwambia alikula akafa.

Jioni moja jua lilikuwa linazama. Mkewe akamwita kutoka jikoni.

"Baba watoto, ukishamwagilia hilo pori lako, niletee nguo kwenye kamba."

"Pori? Bustani hiyo, mama. Beri za asili yetu. Wenzako wanazila za kopo."

Pori lenyewe lilikuwa kichaka cha beri nyeusi za mwitu, alichokipanda kando ya uzio mvua zilipoanza. Matawi aliyafunga kwa vipande vya bitana vilivyobaki kazini. Miiba ilikuwa imemchana vidole vyote, naye akidai kichaka ndicho kilichoumia.

Alikuwa anamwaga maji shinani alipoziona.

Beri. Zimeiva, nyeusi, zinang'aa kama macho ya panya.

Akabaki na ndoo mkononi. Shangazi wa mkewe, muuza miche wa pale ng'ambo ya barabara, alishamwambia waziwazi: tawi la beri halizai mwaka lilipochipua. Huzaa mwaka unaofuata, kisha hufa. Na Mkasi alipokihamisha kichaka hiki alikifyeka matawi yote. Haya yote yalikuwa machanga.

"Mkono wangu huo," akajisifu kwa sauti. "Hata mti unajua nani fundi."

Akanyoosha mkono achume. Harufu ikamrudisha nyuma. Haikuwa ya tunda. Ilikuwa ya shuka la mgonjwa asiyegeuzwa kitandani...

Hapo akaona na mengine. Beri za chini, zile za kimo cha mtoto, zilikuwa zimeshachumwa, vimebaki vikonyo. Na tawi refu alilolifunga kwenye uzio lilikuwa limejifungua. Limejikunja, ncha imezama ardhini. Pale ilipozama limechipuka tawi jingine, nalo limejikunja, limezama mbele kidogo. Kama mtu anayetambaa kwa mikono.

Linaelekea ukutani. Kwenye dirisha la chumba cha watoto.

Ndani kukatoka kicheko.

Alikuwa binti yake wa mwisho, yule wanayemwita Kitinda. Mkasi akachungulia.

"Unacheka na nani humo?"

"Na bibi."

"Bibi gani? Bibi zako wote wako safarini."

"Huyu wa hapa dirishani." Mtoto akatoa ulimi, mweusi tii. Midomo myeusi. Meno meusi. "Ananipa matunda. Amesema nikishiba tunaondoka."

Mkasi, mtu asiyekosa neno hata msibani, akaitupa ndoo.

Akavuka barabara mbio, akarudi na Shangazi. Mama huyo alikitazama kichaka, hakukigusa.

"Ulikitoa wapi?"

"Nyuma ya lile gofu. La yule ajuza aliyefariki peke yake."

"Nilikwambia uinamishe ncha ya tawi, izikwe, ikiota mizizi uikate uje nayo. Ulifanya hivyo?"

Mkasi akainama kuokota ndoo.

"Mkwe, nakuuliza wewe. Leo mdomo umemwazima nani?"

"Niling'oa shina zima. Nusunusu ni ya waoga."

"Na chini ya shina kulikuwa na nini?"

Mkasi akatazama vidole vyake. "Mizizi ilikuwa imekumbatia kishati. Cha kichanga. Mshono wa mkono, Shangazi... mzuri kuliko wangu." Tangu azaliwe hakuwahi kuusifu mshono wa mtu. "Nikakinyofoa. Nikakitupa jaani."

Shangazi akaketi palepale kwenye tope.

"Yule ajuza alijifungua mara moja," akanong'ona. "Hakuna aliyeona mtoto, hakuna aliyeona maziko. Lakini kila jioni ungemkuta kwenye kichaka hicho, anabembeleza."

Kwaru...

Wote wawili wakageuka.

Kwaru... kwaru...

Mwiba ukikwaruza ukuta. Na kicheko ndani kilikuwa kimekatika.

Mkasi hakumbuki alifikaje chumbani. Kitinda alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Tawi lilikuwa limepita kati ya nondo za dirisha, likateremka juu ya godoro, likazunguka mto. Ncha yake ilikuwa imezama kwenye nywele za mtoto.

Akachomoa mkasi wa kazi mfukoni, akalikata.

Nje kukasikika mtu akivuta pumzi. Ndefu. Kichaka kizima kikatikisika, na upepo haukuwepo.

"Umekata?" Shangazi alikuwa amefika mlangoni.

"Nimekata. Nimemwokoa mwanangu."

Shangazi akapapasa nywele za mtoto. Kipande kilichobaki hakikutoka. Nyuzi nyeupe, laini kama za kutarizi, zilikuwa zimeingia kati ya mistari ya ususi na kushika ngozi ya kichwa.

"Ilikuwa imeshatoa mizizi, mkwe. Ncha yenye mizizi ukiikata haifi." Akauondoa mkono. "Umeitenga tu na mama yake. Sasa inaishi yenyewe."

Walimnyoa mtoto kichwa kizima. Kichaka walikichimba, wakakichoma mpaka majivu. Kishati walikitafuta jaani wakachoka. Jaa lilikuwa limeshazolewa. Kitinda aliamka, akaomba chai, akagombana na dada zake kama kawaida.

Siku hizi Mkasi anawasimulia wateja jinsi alivyopigana na jini la kike na kulikata mkono. Wanacheka. Naye anacheka, ila mguu wake hautulii kwenye cherehani, na kila mawingu yakitanda anaacha kazi, anakimbilia nyumbani.

Maana mvua ikinyesha, Kitinda hutoka nje peku. Huzamisha vidole vya miguu kwenye udongo, kando ya uzio, akasimama wima, hatikisiki. Mama yake humwita kutoka jikoni aingie ndani, atapata homa.

"Nakuja, mama," hujibu, kwa sauti tamu kabisa.

Uso ameuelekeza kule kwenye gofu.