Tundu la Ghorofani

Kila alasiri, akitoka shule, Kasuku alifagia ngazi za nyumba yao. Jina hilo alibandikwa na bibi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Nyumba yao ya mawe ilikuwa katikati ya mji wa kale, na chumba cha juu walikipanga wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi waliupenda sana mji huo. Walishinda kwenye maktaba yake kongwe, wakatazama michezo ya kuigiza viwanjani, na wakapotea vichochoroni huku wakicheka.

Mpangaji wa mwaka huo alikuwa msichana aliyesomea historia. Kasuku alimwita Dada.

"Hili tundu la ukutani lilitokana na nini?" Dada alimuuliza siku moja, akionyesha ukuta wa chumba chake.

Kasuku hakujua, ila kusema hajui kulimshinda. "Mzinga," alijibu. "Zamani za vita. Mfalme alijificha humu humu."

Dada alitoa daftari, akaandika. Kasuku akanogewa, akaongeza farasi wawili.

Jumamosi Dada alishuka ngazi mbio. "Keshokutwa nawaleta wenzangu na mhadhiri wetu. Nimeandika kurasa tisa juu ya tundu lenu."

Kasuku alimfuata bibi yake jikoni, akamkuta akikanda unga.

"Bibi, lile tundu la juu lilitoka wapi?"

"Nililitoboa mimi, kwa nyundo ya babu yako," bibi alisema akitabasamu. "Jirani wa ng'ambo ya kichochoro alivunjika mguu, naye alikuwa na watoto saba. Dirisha lake lilitazamana na ukuta huo, ukinyoosha mkono unalifikia. Nikampitishia mikate kila asubuhi mpaka akapona. Babu yako alininunia wiki nzima."

Kasuku alipanda ngazi polepole, akabisha hodi.

"Dada, nilikudanganya. Hapakuwa na mzinga wala mfalme." Akaongeza, "Wala farasi."

Dada alizitazama kurasa zake. "Ungeniacha niaibike mbele ya mhadhiri wangu?"

"Ndiyo maana nimekuja. Nisamehe."

Dada alishusha pumzi, kisha akachukua kalamu. "Haya, nipeleke kwa bibi."

Jumatatu chumba kilijaa hadi mlangoni. Bibi aliketi kitini akasimulia yote, hata kununa kwa babu. Mwanafunzi mmoja akapenyeza mkono tunduni, na mtu wa ng'ambo akamsalimia kwa kuushika. Chumba kizima kikaangua kicheko.

Kabla ya kuondoka, mhadhiri, mama mwenye miwani minene ambaye Dada alikwisha kumweleza yote, alimwita Kasuku.

"Wafalme tunao wengi vitabuni," alisema. "Wanafunzi wangu huja hapa kwa sababu ya watu walioishi kweli katika nyumba hizi, kama bibi yako. Usipojua jambo, mwanangu, sema hujui, kisha uliza. Na ukikosea, sahihisha mapema, kama ulivyofanya."