Boksi la Sukari la Bi Hacer

Aprili ishirini na tatu, kilima cha kanisa la Aya Yorgi, Mtakatifu Joji, kisiwani mbele ya Istanbul, kinapandwa kwa kunyamaza. Unafunga uzi wako kwenye kichaka cha chini, unaufungua kidogo kidogo mpaka mlangoni mwa kanisa, na ukitamka neno moja njiani, ombi lako limekufa. Bi Hacer alilijua hilo kama alivyozijua sura fupi za Kurani. Ndiyo maana asubuhi ile, kijana asiyemfahamu alipoanza kumsemesha binti yake katikati ya mlima, aliweza kufanya jambo moja tu: kumkodolea macho.

Watu walikuwa wamejaa kama siafu. Boti za kutoka Istanbul zilikuwa zimewamwaga kisiwani tangu alfajiri, na wengi wao walikuwa Waislamu kama yeye, wenye mitandio na wasio nayo. Nyuzi nyekundu, nyeupe na kijani zilitambaa vichakani pande zote mbili za njia. Sevilay, binti yake wa miaka ishirini na tisa, muuza miwani wa mtaa wa Üsküdar, alitangulia na koti lake la rangi ya chungwa. Bi Hacer alifuata na uzi mwekundu mkononi. Ulikuwa mwaka wa sita, na ombi lilikuwa lile lile: Sevilay apate mume.

"Samahani, mama," kijana akasema. "Nimekanyaga uzi wenu. Haujakatika lakini."

Hakuna aliyejibu. Kijana alikuwa na koti fupi la ngozi lililopauka viwiko, na buti zenye doa la grisi.

"Aa, mko kwenye kunyamaza. Basi nitaongea mimi, msije mkachoka kwa ukimya." Akamsogelea Sevilay. "Naitwa Orçun. Fundi lifti. Siku nzima naongea na mashine, kwa hiyo nimezoea kutojibiwa. Dada, hilo koti mtu akikupoteza kwenye ukungu anakuona. Mbona umeshika shavu, jino linauma?"

Mabega ya Sevilay yalikuwa yakitetemeka. Bi Hacer akamfinya kiuno.

"Mama yako ananitazama kama nimeiba kuku. Chai unakunywa na sukari ngapi? Haya, usiniambie. Nitangoja mpaka juu."

Akangoja kweli. Mlangoni mwa kanisa, Sevilay alipomaliza kufunga uzi, alivuta pumzi akamgeukia.

"La kwanza, mimi ni Sevilay. La pili, meno yangu mazima, nilikuwa najizuia nisikucheke. La tatu, chai yangu haina sukari. La nne, wewe ni msumbufu."

"Umeyakumbuka yote."

"Ulinipa nafasi ya kusahau?"

"Mmemaliza?" Bi Hacer akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu bondeni, nalo lilitoka na moto.

Ndani akawasha mshumaa, akafungua viganja mbele ya picha ya mtakatifu juu ya farasi, akasoma Fatiha kama kawaida yake. Orçun alisimama ukutani, mikono mfukoni.

"Wewe huombi?"

"Mimi siamini, mama."

"Sasa huku umefuata nini?"

Akatoa mfukoni kidonge kikuukuu cha uzi mweupe. "Cha mama yangu. Alikuwa akipanda kila mwaka. Alifariki uzi haujaisha. Basi kila mwaka nafungua kipande, mpaka uishe."

Waliteremka watatu, na wawili kati yao hawakufunga midomo mpaka kwenye boti.

Mwezi wa tano nyumba ikabadilika. Sevilay aliimba akipiga mswaki. Bi Hacer akiwa jikoni alisikia simu zote, maana ukuta wa nyumba zile ni mwembamba.

"Uko wapi?" Sevilay anauliza.

"Juu ya paa la lifti, ghorofa ya saba. Roho yangu, hapa sauti yako inarudi mara mbili."

"Shuka kwanza, ndiyo uniite roho yako. Sitaki kuwa mjane kabla ya harusi."

"Kumbe kuna harusi? Nani kakuposa?"

"Hakuna. Wanaume wote wako juu ya lifti."

Siku hiyo Bi Hacer alitoka akanunua boksi la sukari ya vipande. Desturi ni hiyo: aliyejibiwa ombi hurudi mwaka unaofuata, akagawa sukari kwa wanaopanda. Akalificha kabatini nyuma ya mchele, akawa anacheka peke yake kama mwali.

Mama mwenye binti na aangalie hapa, maana hapa ndipo Bi Hacer alipoanza kupotea.

Lile jambo la kutoamini alilijua tangu kilimani, akalidharau. Alidhani ni maneno ya ujana, yatapita. Ramadhani ilipofika, Orçun akaalikwa kufuturu, na jirani mmoja, mwanamke mzima, naye alikuwepo. Kijana alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakata, ameshika trei ya vitamu vya baklava.

"Mwanangu, funga ya leo imekuendeaje?" jirani akauliza.

"Sikufunga, mama. Ila sikula tangu saa sita, nisije nikawaonea nyinyi mezani."

Sevilay akacheka. Jirani akatazama supu yake. Bi Hacer alihisi uso ukimchoma.

"Si angesema imemwendea vizuri?" alimwambia binti yake wakiosha vyombo. "Neno moja tu."

"Angekuwa amedanganya."

"Sevilay, yule hana dini."

"Na wewe mama unawasha mshumaa kanisani."

"Mimi nikishuka kule kilimani najua ninakorudi. Yeye anarudi wapi?"

"Anarudi kwangu," Sevilay akasema, akaendelea kusuuza glasi.

Jibu hilo lilimkosesha Bi Hacer raha majira yote ya joto. Majirani wakauliza kuhusu kijana asiyefunga, naye akayameza maswali yao yakageuka sumu. Mwezi wa kumi Sevilay akatangaza kwamba Orçun anataka kuja na wazee wake kuposa. Kesho yake mchana Sevilay alikuwa bafuni, simu yake ikiwa mezani inachaji. Ikalia. Bi Hacer akaipokea.

"Roho yangu..."

"Ni mama yake. Sikiliza, kijana. Sevilay amekubali posa ya binamu yake aliyeko Ujerumani. Anaona haya kukuambia. Kama unampenda kweli, niahidi hutapokea tena simu yake."

Orçun akasema taratibu, "Kama ndivyo anavyotaka, mama, naahidi."

Na aliposema naahidi, Bi Hacer alijua ahadi itatimizwa. Yule hakuwa mtu wa kudanganya hata juu ya bakuli la supu.

Sevilay alipiga mara kumi na moja. Alikwenda mpaka karakana yao, akaambiwa Orçun ameomba kazi mji wa Bursa na amekwisha ondoka. Alirudi nyumbani, akatundika koti la rangi ya chungwa, na tangu siku hiyo maneno yakamwisha. Hakulia wala hakugombana. Alikula, alikwenda kuuza miwani, alirudi, alitikisa kichwa kwa ndiyo na kwa hapana. Bi Hacer alimtazama miezi sita hivyo hivyo, kama mtu anayepanda kilima kisicho na juu.

"Sema basi, mwanangu. Hata unitukane."

Sevilay alimjazia chai.

Aprili ilipofika, binti alikataa kwenda kisiwani. Asubuhi ya ishirini na tatu alikuwa akitafuta mchele, akatoa boksi lile.

"Hii sukari ni ya nini, mama?"

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote za mwezi ule.

"Nilinunua mwaka jana. Mwezi wa tano."

Sevilay akaligeuza boksi, akaona halijafunguliwa. Akaliweka mezani polepole, akaingia chumbani.

Bi Hacer akalitia kwenye kikapu, akapanda boti peke yake. Alifunga uzi mweupe kichakani, akaanza kupanda na ombi moja kifuani: binti yangu aseme tena. Alipofika nusu ya mlima, miguu ikiwaka moto, akaona mbele yake viwiko vya koti vilivyopauka na kidonge kikuukuu cha uzi kikifunguka mkononi. Uzi ulikuwa bado haujaisha.

Kijana alikuwa akienda haraka. Hatua kumi zaidi, umati ungemmeza. Bi Hacer akaangalia uzi wake uliokuja salama kutoka chini kabisa. Akaangalia mgongo ule.

"Orçun!"

Watu wakageuka. Mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa niaba yake.

"Mama?" Akarudi mbio. "Umeongea. Hapa bado ni njiani."

"Najua. Nilikudanganya. Hakuna binamu wala Ujerumani. Ni mimi, mdomo wangu huu. Yeye hajui lolote. Alikupigia mara kumi na moja akadhani umemtupa."

Orçun akakaa chini, pale pale kwenye mawe.

"Mimi ndiye nisiyeamini," akasema mwishowe. "Nikakuamini wewe."

Bi Hacer hakujitetea. Alipiga simu, akamwambia Sevilay maneno yale yale, bila kuyapamba. Upande wa pili kukawa kimya, kile kimya cha miezi sita. Kisha: "Mpe simu."

"Sevilay," Orçun akasema.

"Mara kumi na moja, Orçun."

"Niliziona zote, roho yangu."

"Na hukuja kuniuliza. Hata kwa mguu."

"Niliona haya. Nilidhani umechagua."

"Umekonda?"

"Kidogo."

"Vizuri. Usipande, usishuke. Nakuja na boti ya saa saba."

"Na mama yako?"

"Mwambie asiondoke. Leo nitaongea mimi, yeye ndiye atakayenyamaza."

Orçun akarudisha simu. Wakakaa juu ya kuta za mawe za kando ya njia, yeye upande huu na Bi Hacer upande ule, watu wakipita kati yao bila neno. Bi Hacer akafungua boksi, akavuka njia, akamnyooshea kipande cha sukari.

"Lakini umeongea njiani," kijana akasema. "Ombi lako limeharibika."

"La leo limeharibika. La mwaka jana lilijibiwa palepale, mbele ya macho yangu. Sukari yake ndiyo hii."

Orçun alikitazama kile kipande, akakipokea. Hakukila, alikishika tu.

Saa tisa na nusu koti la rangi ya chungwa likatokeza kwenye kona ya chini. Sevilay hakushika uzi wowote. Alikuwa anapanda haraka, na kabla hajafika hata karibu, midomo yake ilikuwa tayari inasema.