Marahaba ya Kwenye Matete

Yaliyomkuta Eliwaza, mke wa mwalimu Godwin, watu wa Same wanayasimulia kwa namna nyingi, na kila namna ina shahidi wake. Hapa yanasimuliwa kama alivyoyaishi mwenyewe, tangu asubuhi ile ya Jumamosi ambayo haikuwa na dalili yoyote ya ubaya, isipokuwa kwamba safari iliandaliwa na kamati.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Fanueli, rafiki wa Godwin tangu shule, mtumishi wa halmashauri, mtu ambaye hata mahari aliipeleka kwa ajenda. Familia tatu zilitaka kupumzika ufukweni. Tanga ilipendekezwa, ikajadiliwa, ikaahirishwa. Mwisho kundi la WhatsApp, lililoitwa Kamati Ndogo ya Ufukwe ingawa hapakuwa na kubwa, likapitisha Ziwa Jipe.

"Maji ni maji," alisema Fanueli. "Mchanga upo. Na jioni kila mtu analala kwake."

Eliwaza hakupinga. Alikuwa karani wa ardhi. Wiki nzima alisikiliza Wapare wenzake wakigombea mipaka yenye upana wa jembe, na alitaka siku moja asikilize maji tu. Tena angekuwa na Prosper. Prosper alikuwa na miezi saba, mtoto wa kwanza baada ya miaka mingi ya maombi, hospitali, na ushauri wa watu ambao hawakuombwa. Hata akienda kuchota maji bombani, Eliwaza alimbeba.

Waliacha lami pale Kifaru, vumbi likawapokea, na kabla ya chakula cha mchana wakafika. Getini palikuwa na kibao: UFUKWE WA MAPUMZIKO, KARIBUNI MUOGELEE. Chini yake, kwa rangi mpya zaidi: KUOGELEA NI MARUFUKU.

"Sasa tufuate kipi?" Godwin aliuliza.

"Cha juu kilitoka kwa wakubwa," alijibu mlinzi wa ufukwe, mzee mmoja mkavu aliyeitwa Iddi. "Cha chini kilitoka kwa mamba."

Watoto wa Fanueli na wa Paschal, yule rafiki wa tatu, walijipanga wakamwamkia mzee kwa pamoja. Iddi hakuitikia. Aliwatazama mmoja mmoja usoni, hasa mdomoni, mpaka wakaanza kujikuna. Ndipo akasema, "Marahabani."

Jesca, mke wa Fanueli, alimnong'oneza Eliwaza: "Shoga, huku hata shikamoo inahakikiwa."

"Kama vyeti," alisema Eliwaza, wakacheka mpaka Prosper naye akacheka, akionyesha fizi zake tupu.

Ilikuwa siku njema. Walikula makande waliyokuja nayo na perege waliokaangwa palepale. Paschal alifundisha watoto kurusha vijiwe juu ya maji. Fanueli alifungua rasmi kipindi cha mapumziko, akapitiwa na usingizi kabla ya kutamka muda wa kukifunga. Ng'ambo ya maji kulikuwa Kenya, kimya, bila ukaguzi. Nyuma yao ilisimama milima, na juu kabisa mabati ya Ngujini, kijiji alikozaliwa Godwin, yalimetameta kama vioo.

Prosper alilala mkekani, ubavuni mwa Jesca. Eliwaza alichukua kanga mbili zilizochafuka akaenda kuzisuuza pale matete yanapoanzia. Aliinama. Maji yalikuwa vuguvugu.

"Shikamoo, mama."

Sauti ndogo. Safi. Sauti ya mtoto aliyefunzwa adabu. Ilitoka ndani ya matete.

Sasa, Eliwaza alilelewa na mama wa Kilutheri ambaye angekuadhibu kwa salamu uliyoiacha ikining'inia hewani. Mtoto akikuamkia unaitikia, hata kama una pini mdomoni. Hakuinua hata kichwa.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Mtoto akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyepewa kitu alichokiomba siku nyingi sana.

Eliwaza akainua macho. Hapakuwa na mtu. Matete yalikuwa yakifunguka na kujifunga, kama vile kuna kitu kifupi kinapita katikati yake. Hakikuwa kinamfuata yeye. Kilikuwa kinaelekea mkekani.

Alirudi mbio, kanga zikichuruzika, na alipofika akajiona mjinga. Prosper alikuwa palepale. Ameamka. Halii. Anamtazama tu, kama mtu anayesoma jina lililoandikwa kwenye mlango.

Jioni, wakati wa kufungasha, Jesca alimnyanyua akapiga yowe la furaha. "Mama Prosper! Huyu ameota meno, umetuficha!"

Yalikuwa mawili. Ya juu. Meupe, yamekomaa. Asubuhi ile Eliwaza alikuwa amezipitishia fizi zile kitambaa kwa mkono wake mwenyewe, na hazikuwa na kitu.

Fanueli alipiga picha akairusha kwenye kundi, na hongera zikaanza kumiminika. Iddi alikuja kuwafungulia geti. Aliuona mdomo wa mtoto, akasogea karibu na Eliwaza.

"Mama," alisema chini chini. "Leo kuna aliyekuamkia bila wewe kumwona?"

Eliwaza alitafuta utani. Utani haukuja. "Yupo."

"Ukamwitikia?"

Eliwaza aliinamisha kichwa. Iddi akarudi nyuma, akalifungua geti lote, hata upande ambao gari halikuuhitaji.

Wiki ile Prosper hakulia. Godwin alisema Mungu amewakumbuka, maana walilala usiku kucha kama watu wasio na watoto. Eliwaza hakulala. Mwili wake ulikuwa unakataa. Miezi saba yote, mtoto alipolia, hata akiwa chumba cha pili, maziwa yalishuka yenyewe kabla hajasimama. Sasa matiti yalikuwa makavu kama udongo wa Same wakati wa kiangazi. Mtoto alinyonya macho wazi, bila kumeza. Ukimwogesha, kabla taulo halijakauka ananukia tope. Nyayo zake zilikuwa za baridi.

Kliniki, muuguzi alimwambia kwamba mtoto kuanza na meno ya juu si ugonjwa wala mkosi, hutokea, na alisema kweli. Akampima. Akasema uzito umepanda vizuri mno, mama aendelee hivyohivyo kumnyonyesha. Eliwaza alimfunga mgongoni akatoka. Mtoto ambaye hajameza tone alikuwa mzito kama gunia lililoloa.

Jumapili, baada ya ibada, alimwacha Godwin na rundo la mitihani ya kusahihisha, akapanda mlimani mpaka Ngujini kumwona mama mkwe.

"Shikamoo, mama," alisema mlangoni.

Bibi Eliakunda hakuitikia. Alitoka kwanza nje, akamtazama usoni, ndipo akasema, "Marahaba, mwanangu." Kwa miaka yote ya ndoa Eliwaza alidhani mama mkwe wake ana macho mabovu. Bibi akanyoosha mikono kumpokea mjukuu. Akamwona. Mikono ikarudi.

"Ni meno, mama?" Eliwaza alinong'ona.

"Meno si kitu. Shemeji yako Aminieli alianza ya juu, leo ni mhasibu, anatusumbua na risiti." Bibi hakucheka. "Nasema huyu simjui."

Alimvuta wakakaa nyuma ya nyumba, mahali ambapo majirani wasingesikia.

"Zamani wazee waliogopa. Mtoto akianza ya juu, walisema atamaliza ukoo. Walimshusha ziwani, wakamlaza kwenye matete, wakaondoka bila kugeuka. Wamisionari walikataza. Serikali ikakataza, kwa tangazo. Watu walisikiliza tangazo mpaka mwisho, wakapiga makofi." Alikunja kanga yake, akaikunjua. "Mama yangu alimshusha mdogo wangu. Mimi nilitembea nyuma yake, nimebeba kibuyu cha maziwa."

"Wakafia huko?"

"Hakuna aliyerudi kuangalia. Wako pale. Wanasikiliza watu ufukweni wanavyosalimiana. Wamejifunza adabu. Wanamwamkia kila anayepita, kwa sababu mtu mzima akiitikia marahaba mwanangu, amekubali. Amempokea."

"Na wangu, mama? Wangu yuko wapi?"

Bibi alielekeza kidevu chini, ziwani.

Kutoka pale uani Jipe lilionekana chini, bapa, kama kipande cha bati kilichotupwa. Upepo ulikuwa ukipanda mlima. Na ndani ya upepo, mbali, mtoto mchanga alikuwa analia.

Aliyekuwa mikononi mwa Eliwaza alikuwa amefumba mdomo.

Blauzi ikalowa. Pande zote mbili. Mpaka kiunoni.

"Nenda jua likiwapo," Bibi alinong'ona. "Umrudishe ulipompokea. Wako utamkuta."

"Twende wote."

"Nilishakwenda."

Eliwaza alisimama. Mtoto alikuwa amemshika kidole kwa vidole vyake baridi. "Na huyu, mama? Huyu atabaki na nani?"

"Hata mimi nilimwuliza mama yangu hivyohivyo," alisema Bibi Eliakunda.

Dereva wa bodaboda alimshusha getini, akaondoka bila kusubiri chenji. Iddi alimwona akija. Akavua kofia, akageukia ukuta.

Eliwaza alipita mchanga. Alipita pale walipotandika mkeka. Akaingia kwenye matete. Maji yalifika kwenye vifundo. Yakafika magotini. Mamba hakuwakumbuka. Kilio kilikuwa mbele yake, kimekauka, kimechoka, na kila kilipopanda maziwa yalimshuka.

Mtoto aliyembeba alimshika blauzi. Kwa mara ya kwanza, alikuwa anatetemeka.

"Shikamoo, mama."

Sauti ileile. Ndogo. Safi. Midomo ile ya miezi saba ilikuwa inaitamka karibu na shingo yake.

Eliwaza aliuma meno. Alitandika kanga juu ya matete yaliyovunjika. Akamlaza. Mtoto hakulia. Hakung'ang'ania. Alimtazama tu kwa heshima, kama mtoto anayesubiri zamu yake.

Hatua chache mbele, juu ya tope, alikuwa Prosper. Macho mekundu kwa kulia. Tope masikioni. Fizi tupu. Alimnyakua, akampa ziwa palepale, maji yakiwa mapajani. Prosper alimeza. Akapaliwa. Akameza tena.

"Shikamoo, mama." Nyuma yake.

Akatembea.

"Shikamoo." Sasa kwa adabu zaidi, kama vile tatizo lilikuwa adabu.

Hakugeuka. Alifika mchangani, akafika getini, na hapo tu ndipo alipotambua kwamba ametembea njia yote bila kugeuka, sawasawa na wale waliomtangulia.

Usiku ule Godwin alipitisha kidole kwenye fizi za mwanawe. Akapitisha mara ya pili. Meno yakishaota hayarudi ndani. Hilo hata mwalimu wa historia analijua. Alikaa kitandani akaacha kuuliza. Fanueli aliifungua ile picha kwenye simu, na meno yalikuwamo, mawili, yanang'aa. Kwa niaba ya kamati alihitimisha kwamba ni mwanga. Jesca alijitoa kwenye kundi bila kuaga.

Prosper alilia kama zamani, akanyonya kama zamani. Wiki kadhaa baadaye akaota jino la kwanza, la chini, na Godwin akachinja kuku. Eliwaza alirudi ofisini kwenye mipaka yake. Kitu kimoja tu kilibadilika, na watoto wa mtaani walikilalamikia kwa mama zao: wakimwamkia, alikuwa anawatazama mdomoni kwanza.

Kiangazi kilikaza. Same haikuwa imeona tone la mvua tangu Pasaka, na mabomba yalikuwa yanatoa upepo. Alasiri moja Eliwaza alitoka uani kuanua nguo. Shati la Godwin, kavu, gumu kama karatasi. Nepi, kavu. Shuka, kavu. Mwisho wa kamba palikuwa na kanga.

Hakuwa ameianika yeye. Alikuwa ameiacha juu ya matete.

Ilikuwa imenyooshwa vizuri, imebanwa kwa vibanio, kama afanyavyo mtoto anayemsaidia mama kazi. Ilikuwa inachuruzika. Chini, kwenye pindo, palikuwa na matundu mawili madogo, yamekaribiana.

Nyuma ya kanga, chini, usawa wa magoti, kitu kilivuta pumzi.

"Shikamoo, mama."

Eliwaza alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ndani, Prosper alikuwa amelala. Ameshiba. Hajalia. Alibana midomo mpaka ikauma, na salamu haikumtoka.

Lakini maziwa yakashuka.