Sauti Iliyomshusha Rubani

Redio iliitikia kabla hajaita.

Dada alikuwa ndiyo kwanza ameweka kidole kwenye kitufe, hajafungua kinywa, akamsikia mdogo wake akicheka huko angani, rubani wa ndege yenye maboya badala ya magurudumu. "Nimekusikia, dada. Mbona leo una sauti tamu hivyo? Umeposwa?"

Dada akatazama nje ya dirisha la ofisi. Ukungu ulikuwa umelilalia ziwa, na maji yametulia tuli, hayana hata kunyanzi. Maji ya namna hiyo humdanganya rubani, asijue mbingu inaishia wapi. Ndiyo maana boti hutangulia kuyavuruga, ndipo dada humwambia ashuke. Na mdogo wake hakuwahi kushuka kwa neno la mtu mwingine.

"Bata! Boti vipi?" alipaza sauti dirishani.

"Injini imegoma, dada'angu!" alijibu mwendesha boti kutoka gatini, aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa hajui kuogelea. "Mwambie azunguke kwanza!"

Akabonyeza. "Usishuke. Maji hayajavurugwa."

Kisha chumba kikanuka nywele zilizoungua, na redioni ikatoka sauti yake mwenyewe, na kikohozi chake kile kile: "Shuka, mdogo wangu. Boti imeshapita."

"Nakuja, dada."

"Si mimi!" alipiga kelele, akabonyeza kitufe mpaka ukucha ukavunjika, akang'oa waya ukutani, na bado ile sauti yake ikaendelea kumbembeleza mtoto wa mama yake, chini kidogo, chini kidogo, huku mngurumo ukipita juu ya paa, ukiteremka ndani ya weupe usio na juu wala chini, mpaka ziwa likalia kama bati linalopasuka.

Bata alipiga kasia kama mwendawazimu, akarudi na rubani, amemkamata ukosi. Wakamlaza gatini. Damu ilimtoka masikioni. Dada akapiga magoti, akamshika mkono.

"Sioni kitu," rubani alinong'ona. "Dada, upo? Niambie nimefika."

Dada alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, machozi yakamwagika, wala hata mkoromo haukutoka. Bata alimtazama, akaanza kurudi nyuma.

"Sema naye basi, dada! Mbona husemi?"

Kule ofisini, redio iliyong'olewa waya ikakohoa.

"Bado hujafika, mdogo wangu. Shuka kidogo tu."

Rubani akageuza uso kuifuata ile sauti, mtiifu kama mtoto, akauchomoa mkono wake polepole mkononi mwa dada yake.