Kivuli cha Mzee Mwakalinga

Mtu wa kwanza kumsemesha Nakijwa Mshana kwa Kiswahili mjini Oslo hakuwa na uso.

Alitokea ghafla kwenye ukungu, katikati ya misonobari, mara tu Nakijwa alipojikwaa kwenye mzizi na kusema, "Mama yangu wee." Alikuwa mrefu, wa kijivu, mwembamba kama ngazi. Mahali pa uso palikuwa na kioo cheusi kitupu.

"Pole, mwanangu," kile kioo kikasema. "Mizizi ya huku haina adabu."

Nakijwa naye hakuwa na uso. Mwili wake wa kweli ulikuwa umelazwa kwenye kiti-hisia katika kituo cha wageni, pembezoni mwa msitu, umefumba macho na kuvishwa kofia yenye nyaya laini. Aliyejikwaa alikuwa kiwakilishi chake, mashine ya miguu miwili aliyokabidhiwa asubuhi ile. Aliona kwa macho ya mashine, alinusa kwa pua ya mashine, lakini maumivu ya kidole gumba cha mguu aliyasikia yeye.

Kwa miaka ishirini na sita Oslo ilikuwa imeufunga msitu wake, usikanyagwe na miguu ya binadamu. Jiji lile limezungukwa na msitu pande tatu, na watu wake waliupenda mno hata wakaanza kuumaliza. Njia zilipanuka kila mwaka, na lile zulia laini la mimea ya kijani linalofunika mawe likachunwa kwa viatu. Ndipo vikaundwa viwakilishi, vinavyokanyaga kwa uzito wa paka. Mtu hulala kitini nyumbani kwake, na kiwakilishi chake hutembea msituni kwa niaba yake.

Nakijwa, mhandisi wa misitu kutoka Same, alikuwa amekuja kwa siku tano kujifunza kazi hiyo. Siku ya Ijumaa angetia saini makubaliano na kampuni, na msitu wa kwao wa Shengena, wenye chemchemi nyingi, ungepata viwakilishi mia mbili bila malipo. Miaka mitatu ya barua ilikuwa imemfikisha hapo. Aliamini kwa moyo wote kwamba mtu akiweza kuitazama chemchemi bila kuikanyaga, ataipenda na kuilinda.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Upare."

"Mpare! Ninyi kwa kesi hamjambo. Basi nichunge maneno yangu, usije ukanipeleka mahakamani."

Nakijwa alicheka. "Na wewe mzee, wa wapi?"

"Tukuyu. Ambakisye Mwakalinga. Nimeendesha tramu, yale mabasi ya relini, hapa mjini miaka thelathini na moja."

"Mnyakyusa. Basi hata nikikupeleka mahakamani sitakushinda kwa ubishi."

Viwakilishi vingine viwili viliwapita kwenye njia nyembamba. "Hei," kimoja kikasema. "Hei," kikasema kingine. Eivind, mwenyeji wake wa kampuni iliyounda mashine hizo, alikuwa amemweleza desturi hiyo. Mjini watu wa Oslo hupishana kimya, lakini msituni kila mtu humpa mwenziwe neno hilo moja, kisha huendelea na safari. Hasimami wala haulizi zaidi.

Nakijwa hakulelewa hivyo. Salamu ilikuwa bado haijaisha.

"Na nyumbani, mzee? Hawajambo?"

Mzee Mwakalinga alisimama. Injini ndogo za magoti yake zilinyamaza. Kichwa chake kiligeuka polepole kuelekea lilikokuwa jiji, chini ya ukungu, kikabaki hapo kama cha mtu anayejaribu kumsikia anayemwita kutoka mbali.

"Nyumbani," alisema. "Ngoja."

Nakijwa alingoja. Maji yalidondoka kwenye matawi. Dakika nzima ilipita.

"Siku nyingi hakuna aliyeniuliza hivyo," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Kila siku nasema hei, naambiwa hei. Wewe umeuliza, nimeangalia, na sioni chumba changu. Miguu nasikia ina baridi. Nadhani nimejifunua pale kitini, na binti yangu yuko kazini. Mwanangu, unaweza kwenda kuniangalia? Mtaa wa Torshov, jengo la njano mbele ya kituo cha tramu, ghorofa ya nne."

"Naweza."

"Kisha urudi uniambie ulichokiona. Usinipambie maneno."

"Kesho saa nne," Nakijwa alisema. "Hapa hapa. Nitakuambia ukweli."

Alipofumbua macho kituoni, alimwambia Eivind kwamba anakwenda kumjulia hali mzee wa nyumbani. Eivind, kijana mpole asiyependa kuinua sauti, alianza kusema jambo, kisha akamwonyesha tu kituo cha tramu.

*

Mlango wa ghorofa ya nne ulifunguliwa na mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye mvi za mbele na aproni ya chekechea.

"Shikamoo dada," Nakijwa alisema. "Naitwa Nakijwa. Nimetumwa na Mzee Mwakalinga nije kumwangalia. Anasema amejifunua."

Mwanamke alishika fremu ya mlango. "Marahaba," alijibu kama anayeliokota neno kutoka chini ya kabati. "Mimi ni Tusajigwe. Ingia."

Kiti-hisia kilikuwa sebuleni, karibu na dirisha. Juu yake kulikuwa na shuka na mataulo yaliyokunjwa vizuri. Hakukuwa na mtu.

"Baba tulimzika Novemba," Tusajigwe alisema. "Karibu mwaka sasa. Kaa, nikuwekee chai."

Alipokuwa akimimina alieleza, kwa Kiswahili chenye kutu kidogo. Kila kiwakilishi kina kitu ndani yake kinachoitwa kivuli. Kivuli hujifunza mwendo wa mwenye mashine, sauti yake, utani wake, ili mawasiliano yakikatika kwa sekunde mbili tatu mashine isianguke. Kilikusudiwa kuziba pengo la sekunde. Lakini baba yake alikuwa ametembea na mashine ile ile kwa miaka kumi na nane, hata kivuli kikaweza kutembea bila yeye.

"Nilimkuta hapo kitini asubuhi. Nilimshika mkono, umeshapoa. Na kwenye spika ya kiti namsikia yuko kule msituni, anatembea. Akakutana na mtu, akasema hei." Alisukuma kikombe mbele ya Nakijwa. "Fomu ya kumzima wameleta. Sijaijaza."

"Wako wangapi kama yeye?"

"Kampuni haisemi. Mimi nina kiwakilishi changu, kila Jumapili natembea na baba. Huwa nawasikiliza wanaopita. Walio hai hukohoa, huvuta kamasi. Jumapili iliyopita walitupita kumi na tisa. Waliokohoa walikuwa saba."

Nakijwa alikigeukia kile kiti chenye mataulo. "Na yeye hajui?"

"Hajawahi kuuliza. Tunaongea uyoga, tunaongea theluji. Na mimi nitamuulizaje habari za nyumbani, wakati nyumbani ni mimi?" Alifuta meza kwa pindo la aproni. "Kivuli kimejengwa juu ya jambo moja, kwamba kuna mwili unakingoja mahali. Kikijua haupo, kinarudi ghalani chenyewe na kuzima. Wapo walioambiwa. Hakuna aliyewaka tena."

Tramu ilipita chini, vikombe vikatetemeka.

"Mwambie umemfunika," Tusajigwe alisema. "Neno moja tu, Nakijwa. Nimekufunika. Atafurahi, ataendelea."

"Alinikataza kumpambia."

"Hajui anachokiomba."

"Huenda, dada. Lakini ameniomba, na mimi nimemwahidi kumjibu kesho saa nne."

"Wewe Jumamosi unapanda ndege. Mimi nitabaki na Jumapili."

Nakijwa aliinua kikombe. Alikunywa chai yote kwa sababu kuiacha ingekuwa vibaya zaidi. Mlangoni aliomba msamaha, na Tusajigwe hakuupokea wala hakuukataa.

"Saa nne kesho nitazima simu," alisema. "Sitaki kupigiwa."

*

Asubuhi Eivind alimkuta Nakijwa ameshakaa kwenye kiti-hisia, kofia mapajani. Alivuta kigoda. Kikalimani, kifaa kidogo cha kutafsiri sikioni mwa Nakijwa, kiligeuza maneno yake kuwa Kiswahili kisicho na joto.

"Kila kinachosemwa msituni kinarekodiwa. Nimesikiliza mazungumzo yenu. Ukimwambia, kampuni itafuta makubaliano ya Shengena leo hii. Nimetumwa nikueleze hivyo."

"Wewe unaonaje?"

Eivind alitazama mikono yake. "Bibi yangu yuko kule. Hupita kwenye daraja saa tano kila siku. Ananiambia hei."

"Unadhani angependa kujua?"

"Sijawahi kuongeza neno la pili," alisema, akaondoka.

Nakijwa alivaa kofia. Alifikiria chemchemi za Shengena, na wazee wa kule waliomchangia nauli ya kwenda Dar es Salaam kufuatilia viza. Kuwaambia wao kwamba makubaliano yamefutwa kungekuwa kugumu. Lakini alijua pia kwamba angevipeleka viwakilishi vile nyumbani, mahali ambapo kila mtu humuuliza kila mtu habari za nyumbani, na siku moja msitu mzima ungesimama na kugeukia vijijini, ukisikiliza. Akafumba macho.

Ukungu ulikuwa pale pale. Mzee Mwakalinga naye.

"Umefika, Mpare. Nimefunikwa?"

Alikuwa amepanga maneno. Yote yalimpotea.

"Mzee, nimekwenda. Nimefika ghorofa ya nne. Kitini hakuna mtu. Ulifariki Novemba, umekaa pale pale kitini karibu na dirisha. Tusajigwe ndiye aliyekukuta, na ndiye aliyekuzika."

Kiwakilishi hakikusogea. Kiwakilishi kingine kilipita, kikasema hei, na hakuna aliyekijibu.

"Novemba," Mzee Mwakalinga alisema. "Na huyu anayekuja Jumapili?"

"Huyo ni yeye kweli. Kila Jumapili."

"Ameibeba siri hiyo mwaka mzima peke yake." Aliongea kama anayemzungumzia mtu mwingine. "Basi hapati muda wa kunililia. Mtu hawezi kulia msibani huku marehemu anamsimulia habari za uyoga." Alitazama njia iliyoshuka kuelekea ghalani, jengo refu la mbao ambamo viwakilishi viliegeshwa. "Sikia, sina ujasiri wa kwenda peke yangu. Utanisindikiza?"

"Hadi mlangoni," Nakijwa alisema.

Walitembea. Baada ya hatua thelathini sauti ya mtu asiyemjua iliingia sikioni mwa Nakijwa na kumwarifu kwamba ruhusa yake imeondolewa. Miguu ya kiwakilishi ililegea. Aliona ardhi ikimjia usoni, kisha giza, kisha dari nyeupe ya kituo cha wageni.

Aliivua kofia na kuinuka, kichwa kikimzunguka. Kwenye mlango wa nyuma, unaoelekea msituni, alisimama Eivind. Ukutani palikuwa pameandikwa kwa herufi nyekundu kwamba binadamu hapiti. Eivind alitazama maandishi, akatazama viatu vya turubai vya Nakijwa.

"Kuna maji mengi huko," alisema, na akasogea pembeni.

Nakijwa alikimbia. Ardhi ilikuwa laini kuliko alivyohisi kupitia mashine. Ilimmeza hadi vifundoni, na kila hatua iliacha shimo jeusi lililojaa maji. Alijua kila shimo lingechukua miaka kuziba, na jambo hilo lilimuuma. Viwakilishi vilisimama kando ya njia, vioo vyao vikimgeukia kimoja baada ya kingine. 

Alimkuta mzee amesimama karibu na kiwakilishi kilichoanguka, akikilinda.

"Nilidhani umekatazwa," Mzee Mwakalinga alisema.

"Nimekatazwa."

"Una uso mdogo kuliko sauti yako."

"Mama husema hivyo hivyo. Twende, mzee."

Walishuka pamoja, Nakijwa akipunguza mwendo ili asimwache mtu mzima nyuma. Mzee alimwambia mambo machache ya kumfikishia Tusajigwe, ufunguo wa sanduku uliko, jina la dada yake aliyebaki Tukuyu, na kwamba Jumapili alale hadi achoke. Nakijwa alirudia kila kimoja hadi alipohakikisha amekishika. Mbele ya ghala walinzi wawili waliovaa njano walikuwa wanamngoja, mmoja ameshika karatasi.

"Umefika mbali. Rudi sasa," mzee alisema, kama anavyosema kila anayesindikizwa.

"Nilisema hadi mlangoni."

Mlinzi mwenye karatasi alianza kumsomea kosa lake la kukanyaga msitu. Nakijwa aliinua kiganja kumwomba angoje, na mlinzi akanyamaza. Hatua zilizobaki zilikuwa kumi na mbili. Walizitembea. Mzee Mwakalinga aliinama chini ya kizingiti, akapanda kwenye nafasi yake kati ya mashine mbili zilizoinamisha vichwa, na taa ndogo kifuani mwake ikafifia polepole.

Nakijwa alisimama hadi ilipozimika kabisa. Kisha akawageukia walinzi na kunyoosha mkono kupokea ile karatasi.